Aina ya Mtu na Utu wa Mtu: Swali la Kimaadili katika Usawiri wa Wahusika

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi nchini Kenya akitakiwa kumweleza mhusika, aghalabu jibu huwa tayari: mhusika huyu ni katili, yule ni mwenye tamaa, yule mwingine ni mvumilivu. Orodha hii ya sifa, ambayo mtahini huitarajia na mwandishi wa mwongozo huiandaa mapema, imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa inasimama juu ya dhana gani kuhusu binadamu. Dhana yenyewe ni kwamba ndani ya mtu mna kitu kinachodumu, kwamba kitu hicho kinaweza kupewa jina, na kwamba jina likishapatikana, matendo yote ya mtu huyo huwa yameelezeka.

Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa upande wa maadili. Swali si kama watu wana hulka zinazotofautiana. Hilo ni dhahiri kwa yeyote aliyepata kulea watoto wawili katika nyumba moja. Swali ni je, kumweka mtu katika aina ni kumwelewa au ni kumhukumu? Na ikiwa aina yaweza kufanya yote mawili, ufahamu hukoma wapi na hukumu huanzia wapi? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba aina ni jina la matendo yaliyokwisha kutendwa, wala si jina la mtu mwenyewe. Hivyo basi, aina hutumika kwa haki inapoanzisha usomaji wa mtu, na hudhulumu inapoufunga usomaji huo.

Chapa na Mwendo

Yafaa kuanza na lugha yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kulitafakari suala hili kabla ya wanasaikolojia. Neno tabia limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga chapa au muhuri. Mzizi huohuo ndio uliozaa neno matbaa, mahali pa kupigia vitabu chapa. Hulka nayo inatokana na mzizi wa kuumba. Kwa mujibu wa maneno haya mawili, mtu ni kitu kilichokwisha kuumbwa na kupigwa alama. Si Waarabu peke yao walioona hivyo. Neno la Kiyunani ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi kwa maana ya tabia, na pengine ya mhusika, lilikuwa hapo kale jina la chombo cha kuchorea na la alama iliyopigwa juu ya sarafu.

Lakini Kiswahili kina neno jingine, nalo ni mwenendo, lililotokana na kwenda. Mwenendo haupigwi mara moja ukakauka. Ni njia ambayo mtu angali anaipita, na apitaye njia aweza kugeuka. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema tabia na mwenendo kwa pumzi moja huwa ameweka pamoja picha mbili zisizopatana kwa urahisi: mtu aliye chapa na mtu aliye safarini.

Mgongano huo umo katika methali pia. Wapo wasemao kuwa mwana wa nyoka ni nyoka, na wapo waonyao kwamba udongo uwahi uli maji. Methali ya kwanza huweka kila kitu katika kuzaliwa; ya pili hukubali badiliko, lakini kwa muda mfupi tu, kabla udongo haujakauka. Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi katika mjadala huu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutamkwa mara nyingi kama kitisho, ilhali ndani yake mna tumaini ambalo wengi hawalisikii. Inakiri kwamba hata aliyekwisha kukauka bado anafundishika.

Historia Fupi ya Kuainisha

Desturi ya kuwapanga watu katika aina ni ya kale. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika michoro 30 ya aina za watu: mnafiki, bahili, mpayukaji na wenzao. Katika karne ya pili ya zama zetu, tabibu Galen aliendeleza nadharia ya majimaji manne ya mwili, yaani damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na nadharia hiyo ikahusishwa na hulka nne za watu. Ibn Sina aliipokea na kuipanga upya katika kitabu chake cha utabibu. Mabaki ya fikra za namna hiyo bado husikika katika mwambao wa Afrika Mashariki, pale wazee wanapozungumzia vyakula vya joto na vya baridi, na kumshauri mtu ale nini kulingana na mwili wake.

Katika karne ya 20 uainishaji ulivaa vazi la sayansi. Mwaka 1921 Carl Jung alichapisha kitabu chake kuhusu aina za nafsi, akitofautisha watu ambao nguvu zao huelekea ndani na wale ambao nguvu zao huelekea nje. Kutokana na mawazo hayo, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, wote wa Marekani, walitunga hojaji inayowagawa watu katika aina 16. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 1962, na tangu hapo hojaji hiyo imeenea katika ofisi, vyuo na makanisa ya nchi nyingi.

Haifai kuupuuza uainishaji wa aina hii, maana una huruma yake. Msingi wake ni dhana ya upendeleo: kama vile mtu apendavyo kuandika kwa mkono mmoja ingawa ule mwingine si mlemavu, ndivyo apendavyo kutafakari peke yake au kufikiri kwa kusema na wenzake. Mwalimu akitambua kwamba mwanafunzi asiyenyosha mkono darasani anapenda kuliwaza jambo kabla ya kulinena, hatamwita mjinga wala mwenye kiburi. Hapo aina imemwondolea mtu shutuma. Imemfungulia mlango.

Hata hivyo, tafiti zimeonyesha udhaifu wa hojaji hiyo. Wengi wanaoirudia baada ya majuma machache hupata aina tofauti na ile ya mwanzo. Sababu si ngumu kuiona: watu hawagawanyiki katika makundi mawili yaliyotengana, bali wengi wao wako katikati, na mstari uliopigwa hapo katikati humvusha mtu kwa tofauti ya jibu moja au mawili. Kwa hiyo wanasaikolojia wengi wameelekea kupima sifa kwa viwango badala ya kuwatia watu katika visanduku. Naye Walter Mischel, katika kitabu chake cha mwaka 1968, alizua mjadala mkubwa alipodai kwamba mazingira huchangia tendo la mtu kuliko ilivyodhaniwa. Jung mwenyewe alikwisha kuonya kwamba kuwabandika watu majina ya aina ni mchezo wa kitoto tu.

Fisi wa Ngano na Nduguze Adili

Fasihi haiwezi kujitenga na aina. Katika ngano, Fisi ni mlafi leo, jana na hata kesho, na hadhira ingeghadhibika lau Fisi angeingia hadithini akiwa na kiasi. Mwaka 1927, E. M. Forster aliwagawa wahusika wa riwaya katika wahusika bapa na wahusika duara, na uhakiki wa Kiswahili umeupokea mgawanyo huo kwa mikono miwili, pengine kwa wepesi mno. Mhusika bapa amechukuliwa kuwa kasoro ya mtunzi, na mhusika duara kuwa ushahidi wa ustadi wake.

Lakini Fisi si mtu aliyechorwa vibaya. Fisi ni ulafi uliopewa miguu. Ngano humtenga Fisi na watu ili msikilizaji autazame ulafi wenyewe kisha autafute alipo, na mahali pa kwanza pa kuutafuta ni moyoni mwake. Dhuluma huanza pale msikilizaji anapotoka nje ya ngano na kumtwika jirani yake jina la Fisi. Kosa hilo ni la msikilizaji, wala fanani hana lawama. Aina imetolewa katika kazi yake ya kuutaja uovu, ikapewa kazi isiyokuwa yake ya kumtaja mtu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Hapa majina ni majazi matupu. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na msomaji huijua hukumu yao kabla hawajatenda lolote. Nao hawamwangushi: kwa sababu ya husuda wanamtosa ndugu yao baharini, kisha wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa na jini kuwapiga kila usiku ingawa moyo wake unawahurumia. Mhakiki mwenye haraka angesema kwamba hawa ni wahusika bapa, na shauri limekwisha.

Shauri halijakwisha. Katika Alfu Lela Ulela mna kisa kinachofanana sana na hiki, cha Abdullah bin Fadhil na nduguze. Humo ndugu hao wanageuzwa mbwa, wanaombewa, wanarejeshewa umbo lao. Lakini husuda yao inarudi, wanajaribu kumuua ndugu yao, nao wanauawa kwa hukumu. Katika kisa hicho aina ndiyo iliyoshinda: aliyepigwa chapa ya husuda alikufa nayo. Shaaban Robert hakufuata njia hiyo. Hasidi na Mwivu wanarejeshewa ubinadamu wao, wanajuta, na udugu unaungwa upya. Mtunzi aliyewapa wahusika majina yasiyo na matumaini ndiye huyohuyo aliyewapa mwisho wenye matumaini.

Jambo moja katika mwisho huo halipaswi kupita bila kuangaliwa. Ndugu wale wanapotubu, hawabadilishwi majina. Wanaendelea kuitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji analazimika kutamka majina ambayo hayawaenei tena. Hapo jina limebaki kama kovu: linasimulia kilichotendwa, bali haliamuru kitakachotendwa. Ikiwa mhusika bapa aweza kulibeba fundisho hili, basi ubapa wake si upungufu.

Haya au Hofu?

Kesi ngumu zaidi ni ya Rosa katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyochapishwa mwaka 1971. Rosa wa mwanzo ni msichana mnyamavu, mtiifu, anayewaepuka wavulana. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali, na barua ya mvulana inatosha kumletea Rosa kipigo kikubwa. Rosa wa baadaye, akiwa chuo cha ualimu, mbali na mkono wa babaye, anajitupa katika anasa bila kipimo. Maisha yake yanakatika kwa mkono wake mwenyewe.

Je, hulka ya Rosa ni ipi kati ya hizo mbili? Lau angepewa hojaji akiwa nyumbani, angeandikwa katika kundi la watulivu wanaoelekea ndani ya nafsi zao. Lau angeipata chuoni, angeandikwa katika kundi la pili. Majibu yote mawili yangekuwa ya kweli kwa siku yake, na yote mawili yangempotosha msomaji. Kilichoonekana nyumbani kama haya kilikuwa hofu iliyovaa nguo za haya. Kilichoonekana chuoni kama uasherati wa kuzaliwa kilikuwa pia namna ya kukimbia, ingawa mkimbizi hakujua anakokwenda.

Hapa pana funzo linalovuka mipaka ya riwaya. Aina inayopimwa chini ya fimbo hupima fimbo. Mwanamke aliyefungiwa, mfanyakazi anayehofia kufukuzwa, mwanafunzi aliyezoea kuchekwa: kila mmoja huonekana kuwa na hulka ya unyenyekevu, na mwenye nguvu hufarijika kuamini kwamba unyenyekevu huo ni maumbile. Kabla ya kuuliza mtu ni wa aina gani, ni wajibu kuuliza ni nani aliyekuwa amesimama mbele yake alipokuwa akitenda hivyo.

Aina Inapokuwa Sera ya Serikali

Yamkini msomaji ataona kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Historia ya Kenya yenyewe inakanusha. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Katika ripoti hiyo, Wakikuyu walielezwa kuwa watu wenye hulka ya msituni, wasiri na wenye shuku, waliokwama kati ya mila na usasa.

Ifikiriwe kazi iliyofanywa na maelezo hayo. Watu walikuwa wakidai ardhi. Dai huhitaji kujibiwa: ama ni haki au si haki. Lakini hulka haijibiwi, hulka hutibiwa. Mara madai yalipogeuzwa kuwa dalili za aina fulani ya nafsi, hapakuwa tena na haja ya kusikiliza, na ripoti iliunga mkono mpango wa kuwakusanya watu katika vijiji vya kulindwa, ambamo zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa. Frantz Fanon aliliona jambo hili kwa ukali wake wa kawaida, na katika kitabu chake cha mwaka 1961, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, alimtaja Carothers miongoni mwa wataalamu walioipa dhuluma lugha ya tiba.

Ukoloni uliondoka, desturi haikuondoka yote. Mizaha ya kikabila inayodai kwamba watu wa sehemu fulani ni wachoyo na wa sehemu nyingine ni wavivu huchukuliwa kuwa kichekesho kisicho na madhara. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, Kenya iliona jinsi majina ya mizaha yanavyoweza kusomwa kama orodha ya watu wa kufukuzwa. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ni ushahidi kwamba taifa lenyewe limekiri kuwa neno linaloainisha laweza kuwa tendo.

Ndivyo Alivyo, Ndivyo Nilivyo

Kuna hatari ya upande wa pili. Ikiwa Rosa alifanywa alivyo na fimbo, je, hana wajibu wowote? Na Zakaria, ambaye bila shaka naye alifanywa na kitu fulani, asamehewe vivyo hivyo? Mtu aliyekataa kumhukumu mwingine kwa aina yake aweza kujikuta amekubali kila mtu ajitetee kwa aina yake. Mlevi husema ndivyo nilivyo. Mwenye hasira husema ndivyo nilivyo. Hojaji za kisasa zimempa msemaji huyo herufi nne za kutilia nguvu udhuru wake.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilikabili swali hili katika Ihya. Aliwajibu waliodai kwamba tabia haibadiliki: ikiwa ni hivyo, nasaha na mawaidha vyote ni bure, ilhali hata mnyama wa mwituni hufugika. Hakusema kwamba hulka zote ni sawa au kwamba badiliko ni rahisi; alikiri kuwa wengine huzaliwa na hasira au matamanio makubwa kuliko wenzao. Alichokataa ni kulifanya kuwa amri jambo lililo mwanzo tu. Karne nyingi baadaye, mwaka 1798, Immanuel Kant naye alitofautisha kile ambacho maumbile humfanyia mtu na kile ambacho mtu hujifanyia mwenyewe. Wanafikra hawa wawili, waliotengana kwa dini na kwa zama, wanakutana hapa: hulka ni mtaji, si hesabu ya mwisho.

Sarufi ya Kiswahili inaweza kutoa mwanga zaidi. Katika usemi ndivyo alivyo, silabi li si alama ya wakati uliopita. Ni mabaki ya kitenzi cha kale cha kuwa. Usemi huo hauna wakati. Unamsema mtu kana kwamba hana jana wala kesho. Kinyume chake, ndivyo alivyokuwa na ndivyo atakavyokuwa ni semi zenye wakati, na palipo na wakati pana nafasi ya kutenda. Anayemhukumu mwenzake kwa ndivyo alivyo na anayejitetea kwa ndivyo nilivyo wamefanya kosa moja: wote wawili wameuondoa wakati katika sentensi. Wa kwanza amemnyima mwenzake kesho. Wa pili ameikataa kesho yake mwenyewe.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba aina zifutwe, wala kwamba mwanafunzi akatazwe kumwita mhusika katili. Fasihi bila aina haisimuliki, na jamii isiyoweza kuutaja ulafi au husuda haina namna ya kujionya. Kinachopendekezwa ni kwamba jina liwe mwanzo wa kazi ya mhakiki. Akisema Zakaria ni mkatili, aendelee kuuliza: alimtendea nani, lini, akiwa na nini mkononi, na baada ya hapo alifanya nini alipobaki peke yake? Akisema Rosa ni mtulivu, aulize utulivu huo ulikoma wapi, na nani hakuwapo hapo ulipokoma. Mtahini naye ana sehemu yake: swali linalodai orodha ya sifa litazaa orodha, na swali linalodai ushahidi wa matendo na mazingira yake litazaa usomaji.

Mazoea hayo hayaishii kwenye karatasi ya mtihani. Kijana aliyefundishwa kwa miaka minne kwamba mhusika humalizika kwa vivumishi vitano atatoka shuleni akiwa na vivumishi vitano kwa kila jirani. Aliyefundishwa kumngoja mhusika hadi ukurasa wa mwisho, kama msomaji wa Adili na Nduguze anavyopaswa kuwangoja Hasidi na Mwivu, pengine atajua kumngoja mtu pia.